Siku Nilipofanya Mtihani wa Ukunga

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, lakini kwa kuwa watu wameanza kuisimulia vibaya pale stendi ya Makambako, bora niiseme mwenyewe.

Shule niliishia darasa la pili. Sifichi, wala sijutii, maana ruksa ya biashara ilipokuja mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kijijini kwetu Mahongole kununua lori, nikasomba viazi mpaka waliosoma wakaja kuniomba kazi. Kwa hiyo binti yangu Anitha alipoitwa Njombe kufanya mtihani wa kuingia chuo cha ukunga, nilicheka. Mtihani wa nini? Mama yangu alizalisha nusu ya kijiji na hakuwahi kushika kalamu (mimi nilizaliwa shambani, katikati ya palizi, na mnaniona nilivyo).

Nikampeleka mwenyewe, nimevaa suti. Wazazi tuliambiwa tusubiri nje, na baridi ya Njombe mwezi wa saba mnaijua, basi nikaona viti vya nyuma vitupu, nikaingia, nikakaa. Kukaa tu! Mama mmoja akapita akigawa karatasi, akanipa na mimi (walikuwamo wauguzi wa zahanati, watu wazima waliotaka kujiendeleza, akadhani ni mwenzao), nami nikajua ni fomu ya mzazi, nikaandika juu jina la mtoto, herufi kubwa, halafu nikainama natikisa kichwa kama mtu anayefikiri.

Karatasi zilipokusanywa, mkuu wa chuo akasimama.

"Anitha ana karatasi mbili. Nani anamfanyia mtihani? Kama hasemi, nazifuta zote."

Nikainuka. "Ni mimi, mama. Ni baba yake."

"Ahaa! Haya, mzee, soma swali la kwanza."

Kiswahili chenyewe nasoma kwa kuunga silabi. Kile kilikuwa Kiingereza. Mimi ninayefokea makarani nikasema mbele ya watoto wa watu: "Siwezi. Niliishia la pili."

"Na suti yote hiyo!" muuguzi mmoja akasema, chumba kikaangua kicheko.

Mkuu hakucheka. "Anitha, njoo ubaoni. Kondo la nyuma likibaki kipande tumboni, kwa nini mama anatoka damu? Sema kwa Kiswahili, baba yako asikie."

Mtoto akachora mfuko wa uzazi, akachora na mishipa. Akasema kipande kile kinauzuia mfuko kujikunja, na usipojikunja mishipa inabaki wazi, damu inamwagika kama bomba lisilo na koki.

Kicheko changu chote cha nyumbani kikaniishia. Dada yangu alikufa hivyo hivyo, mikononi mwa mama, na ukoo mzima tukasema karogwa, tukamchukia jirani mpaka akahama. Kumbe jibu lilikuwa linaandikika kwa chaki.

"Karatasi yake naisahihisha," mkuu akasema. "Hii yako, mzee, nenda nayo."

Anitha alipata nafasi. Mimi niliapa kutokaa tena kwenye kiti ambacho sijaelekezwa, wala kucheka mtihani nisioweza kuusoma. Lakini siku ile, tukiwa njiani kurudi, nilisimamisha lori pembeni, nikazima injini.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu nieleze tena. Polepole. Kilichomuua shangazi yako."