Emoji na Unga wa Dokta Ntare

Jina lake ni Kabagwira, lakini ukifika mtaa wa Kimisagara ukamuulizia Kabagwira watakuangalia kama umepotea. Uliza Emoji. Fundi cherehani, karakana ya tatu ukishuka kutoka kituo cha vijana, na mdomo wake utausikia kabla ya cherehani.

Lilianza hivi. Miaka mitatu iliyopita uso wake uliviringana ndani ya miezi miwili, mashavu yakapanda mpaka macho yakabaki mistari. Eddie, fundi mwenzake, mtu ambaye hata zipu inamshinda, akampiga picha akicheka, akaibandika kwenye grupu la mafundi pembeni ya kile kiuso cha manjano kinachotabasamu, akaandika: "Tafuta tofauti." Watu themanini wakajibu hawaioni. Kesho yake mteja akaja na kitenge, anauliza bila aibu, "Emoji iko wapi? Nataka anipime." Kabagwira akaitika. Na jina la utani ukishaliitikia, limekwisha, hilo ni lako.

Uso ule ulikuwa wa vidonge. Kabagwira ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Dokta Gwiza wa hospitali alimpa prednisoloni, kidonge kidogo kuliko kifungo cha shati.

"Dokta, hiki kitu ndicho kinanipa uso kama sahani?"

"Wewe ni fundi, nitakwambia kifundi," Dokta Gwiza akasema. "Kila seli yako iko na jeni, kama pateni zote za kukatia nguo kwenye karakana yako. Zote ziko ukutani, lakini hushoni zote siku moja, si ndiyo? Mdudu akiingia mwilini, kuna protini inakimbia mpaka kwenye kiini cha seli, inaamuru: shusha pateni za vita. Seli inashona uvimbe, joto, maumivu. Mdudu akiisha, protini nyingine inamkamata huyo mwenye amri, inamtoa nje. Kwako hatoki. Hii dawa inaingia mpaka ndani ya kiini, inamziba mdomo."

"Na mashavu?"

"Inagusa na pateni zingine. Za mafuta, za sukari. Vumilia."

Hakuvumilia. Kwa ajili ya hilo jina aliacha vidonge ghafla, na siku ya tatu akaanguka juu ya cherehani, akatapika kwenye gauni la harusi la watu. Mwili ulikuwa umesahau kujitengenezea homoni yake, maana vidonge ndivyo vilikuwa vinaileta. Tangu siku hiyo anameza, na atakayecheka acheke.

Sasa anaingia Ntare. Dokta Ntare, ambaye udokta alijipa mwenyewe akiwa ameketi. Mwaka jana alikuwa anauza makava ya simu. Mwaka huu, kwenye meza ileile, anauza kopo la unga wa "kupandisha kinga", unaotibu magoti, mgongo, presha na mikosi. Kila asubuhi kwenye status yake ni picha za wateja, kabla na baada: kabla wamekonda, baada wana mashavu. Kabagwira alikuwa anazipita tu kwa dharau. Kumpandishia kinga mtu ambaye kinga yake ndiyo inamtafuna, alisema, ni kumpa jambazi funguo ya pili.

Mpaka siku alipokwenda kwa mama yake, Mukunde.

"Magoti iko sawa kabisa," Mukunde akamwambia. "Miezi mine nakunywa ule unga wa Ntare. Napanda mpaka kanisani bila kupumzika. Na wewe, mwanangu, acha hizo sumu za hospitali, nikuletee kopo."

Kabagwira alikuwa anaangalia mashavu ya mama yake. Macho yamebaki mistari. Sura ile anaijua, anaiona kwenye kioo kila asubuhi akipiga mswaki.

Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Ntare.

"Umeweka nini ndani?"

"Mizizi, Emoji. Mizizi na maombi."

"Mizizi gani inatoa mashavu ya prednisoloni?"

"Iyo ni afya, sha. Mama amenona, wewe wivu inakutesa. Nani amekupa digrii? Cherehani?"

"Bora cherehani. Wewe ulikuwa unabandika vioo vya simu, na hata vile uliacha mapovu ndani."

Watu wakacheka. Ntare naye akacheka. Aibu ni kwa mwenye nayo.

Kosa la Kabagwira ni kwamba alirudi kwa mama yake na mdomo uleule. "Mama, umedanganywa kama mtoto. Unakula dawa ileile yangu, ila yako imesagwa na mwizi."

Mukunde akanyanyuka, akachukua kopo, akalimwaga chooni. "Basi naacha leo."

"Hapana, Mama, haiachwi hivyo. Inapunguzwa polepole."

"Ilikuwa ya mwizi sasa hivi, mara hii imekuwa dawa? Chagua moja." Akafunga mlango.

Kabagwira alirudi kila siku, akaambiwa dirishani aende akashone. Siku ya tatu hakuambiwa kitu. Akasukuma mlango, akamkuta mama yake chini kwenye mkeka, anatapika, hawezi kukaa, ananong'ona kuwa ni malaria tu. Akamwingiza kwenye teksi. Hospitalini muuguzi naye akaanza kuandika malaria.

"Andika hivi," Kabagwira akasema. "Nadhani amekula prednisoloni miezi mine bila kujua. Ameacha ghafla siku tatu."

Wakamwekea dripu na sindano ya homoni. Mchana presha iliyokuwa imeshuka ikarudi sawa. Dokta Gwiza akaja na majibu ya damu: tezi za juu ya figo zimelala, zilizoea kuletewa homoni. Yaani unga wa kupandisha kinga, miezi yote hiyo, kazi yake ilikuwa kuizima.

"Kwa hiyo unga ulifanya kazi," Mukunde akasema.

Kabagwira alikuwa na jibu, na lilikuwa zuri. Akalimeza.

Sasa Mukunde anameza vidonge vya hospitali, vinapunguzwa kila wiki mbili. Ntare amehamisha meza, status yake inasema maadui hawalali. Zile picha bado ziko: watu ishirini na tatu wenye mashavu, hakuna anayewajua majina, na yeyote kati yao anaweza kuacha kesho.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyenona mashavu ghafla kwa unga wa mtaani, msimnyang'anye kopo. Mpelekeni hospitali yeye na kopo lake. Kisha mtuandikie hapa chini: aliyemuuzia alisema nini, na nyinyi mlishtukia vipi.