Maziwa Kunywa, Ndama Rudisha

Mimi sikuingia darasani, lakini binti yangu Nelius alisomea kompyuta mjini Meru. Ni mtu wa maneno machache, anayebeba disketi zake ndani ya kopo la majani ya chai zisiingie vumbi. Mwaka wa 1997 alikiandikia kikundi chetu cha maziwa hapa Kiirua programu ya kuhesabu maziwa ya kila mkulima. Aliigawa bure. Ukiifungua tu, kioo cha kompyuta kilikuonyesha sharti lake: tumia, nakili, rekebisha, ila ukimpa mwingine uliyorekebisha, mpe kwa uhuru huohuo.

Mwaniki, mwenye duka la kompyuta, akaichukua. Akaiongezea kutoa risiti, akafuta jina la Nelius pamoja na sharti, akaifunga mtu asione ndani. Kisha akaja kutuuzia sisi wenyewe!

Nelius alimfuata dukani, nami nyuma yake.

"Fungua kazi hiyo, Mwaniki. Sharti ulilisoma."

"Nililisoma," akacheka. "Kwani nilikulipa? Wakili wangu anasema pasipo malipo hakuna mkataba."

"Kama hakuna mkataba, uliinakili kwa ruhusa ya nani?"

Akanigeukia mimi. "Mama Nelius, mwambie huyu aolewe."

Damu ilinichemka. Kwetu asiye na ng'ombe hupewa na jirani ng'ombe wa kukama. Halipi kitu. Maziwa ni yake, mbolea ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mwaniki mwenyewe alikua kwa maziwa ya ng'ombe wa mume wangu.

"Baba yako alitulipa nini?" nikamuuliza. "Na je, aliwahi kuuza ndama wetu hata mmoja?"

"Hiyo ni ng'ombe, mama. Hii ni kompyuta."

Tukapeleka neno kwa kikundi. Wanawake walewale wanaokama ng'ombe za wenzao waliinua mikono: programu ya Mwaniki inunuliwe, maana ina risiti.

Nelius hakulalamika. Alianza kuandika sehemu ya risiti yeye mwenyewe, na sharti lake juu kama kwanza. Nikamwambia aache ujinga, aweke bei.

"Nikiweka bei, Mama, nitakuwa nimekubali Mwaniki alisema kweli."

Yeye ana moyo huo. Mimi sina. Asubuhi iliyofuata maziwa yangu hayakwenda kwa kikundi, na Ruguru, mwenyekiti wetu, alipokuja kuuliza, nilimwambia akamkame Mwaniki.