Nyavu za Dagaa, Vichanja vya Pamba

Mama amerudi kazini hoi. Nimemwekea maji ya moto kwenye beseni, akatumbukiza miguu, akaniuliza kwa nini darasani nakaa kimya hata nikijua jibu. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe, naandika alivyosema.

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, nilikuwa binti bado, nasimamia kituo cha Kiloleli. Kampuni yetu ya unga wa viazi vitamu ilikuwa na vituo viwili, sisi na Kasoli, ofisi Bariadi. Sisi tuko karibu na ziwa, hewa ina unyevu, vipande vya viazi tulivyoanika chini vikawa vinaota ukungu. Bosi akasema mwezi ukiisha kituo chetu kinafungwa. Akina mama wote waliofanya kazi pale, nyumbani.

Na vikao vya vituo vyote viwili tulikuwa navyo, eti! Kila kituo kinasoma ripoti yake, tunakunywa soda, tunaagana.

Basi nikatumwa Kasoli kuchukua magunia. Bibi Holo, msimamizi wa kule, akanikuta nimesimama mlangoni, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umekuja kudai deni?"

"Hapana bibi, nafuata magunia tu."

"Magunia tu! Kwako kunaoza, umefika kwangu, hata huulizi tunaanikaje? Unatuona washamba?"

"Naona aibu, bibi."

"Aibu ndiyo itakukaushia viazi? Ingia ule."

Nikala, nikauliza. Wao walianika juu ya vichanja vyao vya fito, vya kuanikia pamba, upepo unapita juu na chini. Ila vipande vidogo vinadondoka kati ya fito, kuku wanashukuru. Nikamwambia kwetu dagaa tunaanika juu ya nyavu.

Akaacha kutafuna. "Na neno hilo ulikuwa nalo wapi siku zote?"

"Kwenye kikao, bibi, nimelikalia."

Alicheka mpaka akapaliwa. Tukatandika nyavu juu ya vichanja vyao, na kwetu tukajenga vichanja tukafanya vilevile. Viazi vikakauka bila ukungu, hatukufungwa.

Sasa kuna kituo kipya Nyashimo, viazi vyao vinageuka vyeusi, na tumerudi kulekule: ripoti kwenye simu, hakuna anayekwenda. Kesho nakwenda mimi, na miguu hii.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijua kitu kiseme, usingoje kuombwa. Usipojua, mfuate anayejua, ukae, ule chakula chake, uulize. Mungu akupe miguu ya kufika na mdomo wa kuuliza, na kila utakakofika wakukaribishe ndani.

Nikamwambia Mama amina. Kisha nikamuuliza, kwa kuwa kesho ni Jumamosi, kama naweza kwenda naye Nyashimo.

Akasema nimletee taulo kwanza, halafu nikalale mapema, tunaondoka alfajiri.