Idi Pili Kipaza Sauti Kilipooga Marashi

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Idi Pili, kiwanja cha sikukuu Tibirinzi. Nimetoka Wingwi na darasa la tatu langu. Cheti sina, mabega ninayo. Fundi wa kikundi cha taarab alikuwa kahamia Unguja, basi Katibu wa kikundi akanikabidhi mimi waya, betri na kipaza sauti kimoja, hakina mwenzake.

"Wee Wingwi," akaniambia, "sauti ikikatika leo, kesho uko kwenu unalima muhogo."

"Nimesikia, Mzee."

Nyumbani nilikuwa nimeaga kwa maneno makubwa. Ningerudi kesho yake, ningechekwa hadi na mbuzi.

Alasiri akapanda Bi Raya, mwimbaji wetu mkubwa. Kwetu mwimbaji akikukuna moyo unakwenda kumtunza pesa, na kina mama humrashia marashi kwa mrashi, chupa ya shingo nyembamba. Mama mmoja furaha ilimzidi, akammiminia mrashi mzima. Kipaza sauti nacho kikaoga. Ndani yake mna kiwambo, utando mwembamba unaotikiswa na sauti, kikiroa hakifai. Kikakohoa mara moja, kikanyamaza.

"Wee Wingwi!" Katibu akanguruma. "Funga virago!"

Nikakimbilia jukwaani kukipangusa kwa kanzu yangu ya Idi. Bi Raya akanisukuma pembeni. "Ondosha chuma chako, mwanangu."

Akaimba hivyo hivyo, mkavu, kwa koo lake tu. Fidla ikashuka chini kumpisha. Watoto wakatoa vipenga midomoni. Muuza miwa akaacha kuzungusha gurudumu lake la kukamulia. Sauti ya yule bibi ikavuka kiwanja kizima, na kule kwenye ukuta wa mwisho wa kiwanja nikawaona wanaume wamesimama, vinywa wazi. Nywele zilinisimama. Mimi nilidhani sauti inatoka kwenye sanduku la spika!

Alipomaliza, Katibu anafuta macho. Bi Raya akamwambia, "Huyu usimfukuze. Chuma chake kisingekufa, mngenisikia lini?"

Nikabaki. Nilijifunza kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, kufunga spika, kufunika kipaza sauti kwa leso marashi yasipenye. Chini ya Katibu yule nikawa fundi. Chini ya aliyemfuata, fundi mkuu. Idi Pili moja kilitufikia kinanda cha kwanza cha umeme. Idi Pili nyingine tulivuka kwenda Kisiwa Panza, na wavuvi wakaingia majini hadi kiunoni kuzipokea spika zetu vichwani, kama wanapokea bibi harusi.

Redioni vijana husoma makubwa ya muziki yaliyotokea siku kama ya leo huko ng'ambo. Wasome. Sisi siku yetu ni Idi Pili, na tangu ile ya Bi Raya, Tibirinzi ubeti wa kwanza huimbwa mkavu.

Nimestaafu, lakini siku hiyo nakwenda. Mwaka huu fundi mpya, na vipaza sauti vyake visivyo na waya, alimwona mwimbaji anaanza bila sauti kutoka spikani. Akaruka kwenda kuwasha mtambo.

Nikamshika mkono. "Ngoja, bwana. Sikiliza kwanza."

Mkono wake ukalegea mkononi mwangu. Nikaona na yeye nywele zinamsimama.