Alama za Akala Kwenye Uwanja wa Baba

Harufu ya oili chafu ya gari ikichanganyika na vumbi la moto haipendwi na wengi, najua. Mimi nikiipata mahali popote husimama. Juzi niliipata nje ya gereji moja hapa mjini. Fundi alikuwa amemwaga oili chini na mwenzake anaifunika kwa mchanga, nami nikaganda hapo hadi wakaniuliza kama gari langu limeharibika. Sina gari. Nilikuwa tu nimerudi kwenye uwanja wa gofu wa baba yangu.

Ndiyo, gofu. Isiolo. Cheka kwanza, nitakungoja.

Baba yangu, ambaye mtaa wetu mzima wa Bulla Pesa ulimwita Fundi Galgalo, alitengeneza malori ya kubebea mifugo. Lakini kabla sijazaliwa alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa huko juu kwenye baridi, akikata nyasi katika klabu ya gofu ya wakubwa. Alirudi nyumbani na fimbo nne, ndoo ya mipira iliyochubuka, na gazeti moja la gofu lenye picha za rangi. Gazeti hilo lilieleza viwanja vya kando ya bahari huko Uskoti na Ayalandi, vile wanavyoita linksi, ambako mashindano makubwa ya dunia huchezwa na ambako mgeni yeyote anaruhusiwa kwenda kujaribu bahati yake. Kila uwanja ulikuwa na ukurasa wake. Ijumaa alasiri, tukishashiba, Baba alitusomea ukurasa mmoja, akitafsiri polepole huku kidole kikifuata mstari.

"Sikilizeni," alisema. "Hakuna miti. Upepo haitulii. Chini ni mchanga, nyasi ni fupi, hakuna mtu anaweza kulima. Zamani ilikuwa tu ya kondoo. Hata hizi shimo za mchanga, kondoo ndio walichimba wakijificha upepo." Kisha alifunga gazeti na kutazama nje, kule nyumba za mabati zinakoishia na tambarare inapoanza. "Sasa hii si ni hapa kwetu? Imekosa bahari tu."

"Basi ngojea bahari ifike ndio uanze," alijibu Mama bila kuinua macho kwenye leso alizokuwa akizikunja kwa ajili ya soko.

Bahari haikufika, lakini Baba alianza. Alifukia mikebe tisa ya mafuta ya kupikia kwenye tambarare, kila mmoja mbali na mwenzake. Bendera alikata kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya Mama, ndiyo maana shimo la nne lilikuwa na maua na la sita lilikuwa na maneno ya mapenzi. Kuzunguka kila mkebe alimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu kutoka gereji, ili upepo usiupeperushe na mpira uteleze vizuri kuelekea shimoni. Kila asubuhi kabla ya shule nilivuta gunia juu ya ule mchanga kuusawazisha. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikwenda shule nikinuka kama lori.

Miguuni nilivaa akala alizonikatia Baba mwenyewe kutoka kwenye matairi makuukuu. Ya kushoto ilitoka kwenye tairi moja na ya kulia kwenye tairi jingine, kwa hiyo mguu wa kushoto ulichora mistari chini na wa kulia ulichora vibao. Hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa na akala za namna hiyo, nami niliringa nazo sana.

Baba alinifundisha mchezo kabla ya kumfundisha mtu mwingine yeyote. Sheria zilikuwa nyingi, lakini alirudia moja hadi nikaichoka: mpira unachezwa pale ulipolala. Umelala kwenye unyayo wa ngamia, cheza. Umelala kwenye miba, cheza na unyamaze.

Shida ni kwamba tambarare ile haikuwa yake. Ilikuwa malisho, na malisho yana wazee wake. Siku moja walikuja wakiongozwa na Mzee Halake, wakazunguka mashimo yote tisa, wakanusa oili, wakasimama muda mrefu mbele ya bendera ya maneno ya mapenzi.

"Fundi," alisema Mzee Halake, "hii ardhi ni ya kulisha, na hiyo unajua. Tunakupatia mpaka mvua kubwa. Kama kuna mgeni atakuja kwa sababu ya hii mchezo yako na awe na neno nzuri, tutakaa tuongee. Kama hakuna, unatoa bendera, ng'ombe inapita."

Baba aliwashukuru kwa moyo wote. Alichora kibao akakisimamisha kando ya barabara kuu: GOFU, WAGENI KARIBU. Magari ya watalii yalipita yakikimbilia mbugani. Aliyesimama wa kwanza aliuliza kama gofu ni aina ya mbuzi, na wa pili alitaka kununua kibao chenyewe. Miezi ikaisha hivyo. Baba alianza kutazama mawingu kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwa mtu wa Isiolo. Sisi wote huomba mvua, lakini baba yangu aliiogopa.

Kisha tairi la Mama Wairimu likapasuka karibu na gereji ya Baba.

Alikuwa mama wa Nairobi, wa makamo, mwenye kofia pana na kicheko cha karibu. Alipofungua buti ili atoe tairi la akiba, Baba aliona mfuko wa fimbo za gofu, na nati aliyoshika ikamponyoka. Waliongea hadi chai ikapoa. Kumbe alikuwa amecheza kwenye viwanja vinne vya lile gazeti. Kumbe pia huandika kwenye jarida dogo la wachezaji, akiwaambia wageni mahali panapofaa kwenda kucheza. Akasema atarudi kutoka mbugani Jumamosi na angependa kuujaribu uwanja wetu. Kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi Baba hakula chakula cha maana. Akko, yaani bibi yangu, mamake Baba, aliambiwa awapeleke mbuzi ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, asionekane nao kabisa. Mimi nilipewa kazi ya kutangulia mbele na kusimama karibu na mpira wa mgeni ulikoangukia.

Hapo ndipo nilipoamua kumsaidia baba yangu.

Mpira wa kwanza wa Mama Wairimu uliruka vizuri, ukaangukia moja kwa moja ndani ya unyayo wa ngamia. Niliutazama umezama mle, nikaona mvua, nikaona ng'ombe wakipita na bendera zetu zikiwa chini. Nikageuka. Wao walikuwa mbali, upepo ukiwarushia vumbi usoni. Nikaupiga teke kidogo tu, ukatoka na kutulia mahali safi. Kwenye shimo la pili ulikuwa chini ya mgunga mdogo, nikautoa. La tatu, mavi ya ng'ombe. La nne, jiwe. Nilikuwa nimepata uzoefu.

"Fundi, hii uwanja yako ni ya maajabu," alisema Mama Wairimu tulipofika la sita. "Kila mara napata mpira imekaa kama imewekwa na mkono."

Baba alicheka kama mtoto. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha ile, na nilijua imetoka kwangu. Nilitembea kifua mbele, nikiamini nimeiokoa nyumba yetu nzima.

Shimo la saba lilikuwa refu kuliko yote. Mpira wa mgeni ulipita ukaenda kujificha nyuma ya kichuguu. Niliupiga teke la nguvu hadi ukafika kwenye mchanga wa oili, karibu kabisa na bendera, kisha nikarudi mbio kuwachukulia maji. Nikiwa bado nawamiminia, tuliona mtu akija kutoka upande wa laga. Alikuwa Akko. Mbuzi alikuwa amewaacha kama alivyoagizwa, lakini hakuna aliyemwambia amwache mgeni atembee juani bila maziwa, na hata angeambiwa asingesikia. Mkono mmoja ulishika kibuyu. Wa pili ulishika mpira, ambao alikuwa akiufuta kwa shuka yake.

"Salaam aleikum," alisema. "Karibu, mgeni. Mali yako ilikuwa imepotea, nimekurudishia."

Kwetu mnyama aliyepotea hapitwi. Unamchukua, unamtunza, unamtafuta mwenyewe hadi umpate. Akko alikuwa amerudisha mbuzi wa watu hadi Kipsing kwa miguu. Sasa ameona kitu cheupe kimelala peke yake mahali wazi, na mwenyewe haonekani. Ulitaka afanye nini?

Baba alijishika kichwa. Mama Wairimu alicheka, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. "Hakuna shida, shosho. Sheria inasema mpira ukichukuliwa na mtu wa nje unarudishwa pale ulikuwa. Lakini ulikuwa wapi hasa?"

"Hiyo si neno," alisema Akko. "Chini itasema."

Akatangulia, nasi tukamfuata. Akko alikuwa amefuata nyayo za ngamia tangu utotoni, na kwake mchanga haukuficha kitu. Aliinama kidogo, akaanza kusoma kwa sauti, akijivunia kazi yake mbele ya mgeni.

"Hapa imeanguka. Imeruka, imeanguka hapa tena. Imezunguka hii kichuguu, imelala hapa." Akainama zaidi. "Halafu akala imekuja. Kushoto mistari, kulia vibao. Imesimama. Imepiga mpira teke, mpira imeenda mpaka kwa oili." Akainua uso wake wa furaha, akatazama miguu yangu. "Qabale, si ni wewe?"

Baba alizitazama zile akala alizozikata kwa mkono wake.

"Na zile zingine?" aliniuliza.

"Zote, Baba," nikasema. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuwa mkweli kabisa: "Lakini ile ya tano ilikaa vizuri yenyewe."

Angeweza kunichapa. Angeweza pia kucheka na kuyapuuza, kwani mgeni alikuwa amefurahi na mvua ilikuwa karibu. Badala yake alivua kofia yake.

"Mama, naomba unisamehe," alimwambia Mama Wairimu. "Wewe hujacheza uwanja wangu. Umecheza uwanja wa huyu mtoto. Ukiandika, andika hivyo."

Mama Wairimu alimwangalia, kisha akaikunja karatasi aliyokuwa akiandikia alama zake na kuitia mfukoni. "Basi turudi namba moja," alisema. "Nataka kucheza yako."

Walirudi kweli, jua likiwa utosini, Akko akiwaonyesha kwa alama za chini mahali kila mpira ulipolala mwanzo na mimi nikisimama mikono nyuma. Kwenye unyayo wa ngamia Mama Wairimu alipiga mara tatu mpira usitoke. Kwenye mgunga aliacha uzi wa sweta. Alilalamika, akaapa, akacheka, na mimi nikahesabu kila kicheko kuwa cha dharau. Alipoondoka alimshika Baba mkono akamwambia, "Fundi, hii ni ngumu sana." Nikajua yamekwisha.

Jioni, Baba aliniita tukavute gunia pamoja. Tulisawazisha mashimo mawili. Kwenye la tatu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Qabale, kwani wewe uliona uwanja wangu haifai?"

"Ndiyo, Baba," nikajibu. "Iko na nyayo za ngamia."

Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kuvuta.

Wiki chache baadaye jarida lilikuja na basi. Jina la uwanja wetu halikuwa kwenye orodha ya viwanja bora. Lilikuwa chini yake, peke yake, na maelezo kwamba mwandishi alishindwa vibaya huko na angerudi kabla ya mvua. Alirudi, na magari matatu ya wenzake. Akko aliwatafutia mipira yao yote, na wote walikunywa maziwa. Mzee Halake aliwatazama watu wazima wakipiga magoti mchangani, akatuambia uwanja ubaki, ila ng'ombe wapite asubuhi. Ulibaki miaka mingi, hadi tambarare ikagawanywa ploti.

Nimekua, nimeviona vile viwanja vya Uskoti kwenye televisheni siku za mashindano makubwa. Mabingwa wa dunia wamezama kwenye mashimo ya mchanga hadi shingoni, wanapiga mpira kurudi nyuma kwa sababu hauwezi kwenda mbele, na wageni wanavuka bahari ili wakateseke vivyo hivyo. Baba alikuwa ameyaelewa hayo yote kutoka kwenye gazeti moja. Wazee hawakuuelewa uwanja wake na hilo halikumuumiza, maana hakuwa amewafundisha. Mimi alinifundisha. Nilidhani nilipiga mateke kwa sababu ya mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini kila teke lilimwambia baba yangu kwamba alichotengeneza hakitoshi. Na aliponiuliza, nilimwambia tena kwa mdomo.

Mwaka jana nilimkuta ameketi nje ya gereji, ambayo sasa ni ya kaka yangu, akisafisha pulagi isiyohitaji kusafishwa. Nikaketi karibu naye.

"Baba," nikasema, "ile siku uliniuliza kama uwanja haufai, nilikujibu vibaya. Ulikuwa uwanja mzuri."

Aliendelea kusugua.

"Shimo gani?" akauliza.

"La saba."

"La saba hujui wewe," akasema. "Hiyo ulicheza na mguu."

Akacheka hadi akakohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa ameushika mkono wangu, na mikono yetu yote miwili ilikuwa myeusi kwa oili.