Joho Lenye Alama za Vidole

Nakiri mapema: kadi ile niliitengeneza mara saba. Zile sita nilizochana hazikuwa na kosa ambalo mtu mwingine angeliona. Mimi niliona. Kola ya mwanamke wa kwenye picha imeinama. Jicho moja linatazama upande wa vilima vya Ngong.

Kazi hii hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kubandua kadi kuukuu na kuzibandika upya, chumbani kwangu mtaani Kawangware 46, ambako asubuhi jua huingia kwa dirisha moja na vumbi la karatasi huelea ndani yake polepole, kana kwamba lina siku nzima ya kufika chini. Wiki ile nami nilikuwa naelea humo.

Nyanya yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Kibera. "Wakili wetu amestaafu. Anakuja kutuona Jumamosi saa nane. Tutengenezee kadi."

Kabla sijazaliwa, safu ya nyumba za nyanya na majirani zake ilitakiwa kubomolewa. Wakili huyo ndiye mwanamke wa kwanza waliyewahi kumwona amevaa joho, wakati ambapo wanaume kwenye korido za mahakama walikuwa wakimuuliza yeye ni karani wa nani. Aliketi kwa nyanya, akawasomea hati ya kiapo ya kuupinga ubomoaji mstari kwa mstari, akirudia hadi kila mmoja aelewe. Wasiojua kuandika walitia kidole gumba. Nyumba zilibaki. Nilizaliwa katika mojawapo.

Ndiyo maana niliogopa. Nilitaka aishike kadi ile asione kosa hata moja.

Ya saba ilikubali. Ilikuwa na ukubwa wa daftari, anga ya samawati hafifu, na katikati mwanamke mwenye joho pana nililokata kwenye kitambaa cheusi cha fundi nguo. Vitambaa vyeupe vya shingoni nilivipaka rangi kwa pumzi niliyoizuia. Ndani, maneno ya shukrani yalijaza kurasa zote mbili, herufi zote kimo kimoja.

Jumamosi saa sita niliifikisha kwa nyanya. Akina mama tisa waliizunguka, wakainama kuitazama. Moyo wangu ulipaa.

"Ni safi," alisema jirani wa nyanya. "Sasa sisi tutakaa wapi?"

"Wapi vipi?"

"Vidole, wewe! Tulimtilia vidole akija, tunamtilia akienda. Umejaza maandishi mpaka kona. Kwani ni gazeti?"

Walicheka. "Mnaweza kutia kwa bahasha," nilisema.

"Bahasha hutupwa," nyanya alijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Mwanangu, hii kadi inatoka kwa nani?"

Nilitazama joho langu, jeusi, lisilo na kunyanzi. Ukweli ni kwamba kadi ilikuwa inatoka kwangu peke yangu. Nilikuwa nimewafungia nje watu wenyewe walioituma.

Mkobani mlikuwa na chupa ya rangi nyeupe. Niliimimina kidogo kwenye kifuniko. "Kwa joho," nilisema. "Bonyezeni polepole."

"Polepole, amesema! Usikandamize kama chapati!" mmoja wao alimwonya mwenzake.

Mmoja mmoja, alama zikatua juu ya weusi kama nyota zinazojitokeza jioni. Nyanya alikuwa wa mwisho. Kidole chake gumba kina kovu, mkato wa kisu uliopita katikati tangu ujana. Kiliteleza, kikaangukia nje ya joho, juu ya anga yangu.

Nilikuwa na wembe wangu wa kukatia karatasi mfukoni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ningeikwangua kwa sekunde kumi.

Saa nane wakili aliingia, mdogo wa umbo kuliko nilivyomchora, akitembea kwa fimbo. Hakusoma herufi zangu. Aliinua kadi kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akavaa miwani, akaanza kusafiri na kidole chake kutoka alama hadi alama. Sote tulingoja. Alipofika kwenye anga akasimama.

"Hii ya mkato ni yako, mama," alimwambia nyanya. "Bado unakata sukuma wiki bila kuangalia?"

Nyanya alicheka hadi akashika ukuta. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya wembe. Niliutoa mtupu, nikaenda kuwaletea chai.