Kifua cha Karatasi

Wifi yangu Agnella anafundisha fizikia sekondari hapa Ifakara, na ukimuuliza kazi yake nyingine atakuambia anapima kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Mwanzoni nilidhani ananitania. Mimi nakaanga vitumbua, nisichokiona sikipimi.

Akanieleza taratibu huku tunachambua mchele. Huko Ulaya wanagonganisha viini vya atomu kwa kasi isiyosemeka. Vikigongana panazuka kitu cha moto, kidogo mno, na kinakufa kabla hujapepesa jicho. Kinachobaki ni chembe zilizoruka kutoka humo. Basi yeye, kwenye laptop yake, anatafuta chembe mbili za aina moja zilizoruka sambamba, kwa mwendo karibu sawa. Jozi hizo anazilinganisha na jozi za kuchanganya: chembe moja ya mgongano huu, nyingine ya mgongano ule, zisizowahi kukutana. Zile za kweli zikizidi, ziada hiyo ndiyo inayomwambia mahali zilipotoka pana ukubwa gani. Nikamuuliza kama chembe hizo zinakuwa zimepatana.

"Hapana, wifi. Hazijaambiana kitu. Zimezaliwa mahali pamoja."

Kazi hiyo aliifanya miaka, likizo zote, mpaka mwaka jana msimamizi wake wa chuo, Dokta Nazari, akamwambia kuna nafasi moja ya kwenda kusomea shahada ya udaktari wa fizikia hukohuko viini vinakogonganishwa. Moja tu, na ni yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alicheza jikoni kwangu mpaka karai la mafuta likataka kumwagika. Mumewe Obadia, kaka yangu wa tumbo moja, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akachinja jogoo.

Kisha kimya. Wiki zikapita, hakuna neno. Siku moja yuko kwangu, akapigiwa na Sylvester, kijana wa Kidatu aliyesoma naye. Anaaga, anakwenda Ulaya yeye badala yake. Akampa na pole, eti amesikia dada ana kifua cha karatasi, baridi ya huko asingeiweza. Jamani! Agnella huyuhuyu anayepanda na wanafunzi mpaka maporomoko ya Sanje bila kuhema? Akampigia Dokta palepale, akamwamkia kwa adabu, sauti yote naisikia. Mzee wa watu akasema walihuzunika sana alipojitoa, lakini mwenye kifua cha karatasi haendi kwenye theluji. Nafasi imeshajazwa, haifunguki tena.

Mimi nikawaka. Nikasema Sylvester ni nyoka, ndiye aliyemjaza Dokta maneno ili apite yeye. Nilimtukana mpaka bibi yake, Mungu anisamehe. Agnella akaniambia ningoje. Watu wawili kusema neno moja hakuonyeshi kwamba mmoja kamwambia mwenzake. Akawapigia wengine wawili waliosoma naye, akawauliza mtu wa kifua dhaifu wao humwitaje. Mmoja akasema ana pumu, mwingine akasema kifua kibovu. Karatasi hakuna aliyeitaja. Hapo uso ukamshuka.

"Wifi," akasema, "hilo neno ni la nani?"

Pale mashineni, kila mpagazi anayekohoa vumbi la pumba anaitwa kifua cha karatasi, na anayewaita hivyo ni mtu mmoja tu Ifakara nzima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulimkabili Obadia jioni ileile mbele ya mama yetu, wala hakukana. Dokta alipiga siku Agnella kaisahau simu nyumbani. Yeye akapokea, akajibu kwa niaba ya mkewe kwamba anaumwa, amejitoa. Sylvester alipopiga siku hiyohiyo kuulizia, akaambiwa vilevile. Halafu akawa anakula chakula cha yule mwanamke wiki zote hizo, akimwambia avute subira, Wazungu wana taratibu zao. Na jogoo alichinja! Nilitamani kumzaba kofi, na ningemzaba kama mama yetu asingekuwepo.

"Ungerudi mtu mwingine," akamwambia mkewe. "Na mimi ningekuwa nani?"

Agnella alifunga laptop, akaenda kubandika maharage. Nililia mimi badala yake, tena kwa hasira, kwa sababu aliyemfanyia vile ni damu yangu.

Kumbe Obadia, ili uongo wake usimame, alikuwa ameshaueneza parokia nzima. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, mama mmoja wa jumuiya alimshika Agnella mkono, Obadia yuko kando. Akampa pole kwa ugonjwa, akamwelekeza kwa mzee mmoja kule Mofu mwenye dawa nzuri ya kifua.

"Siumwi kifua, mama," Agnella akasema, kwa sauti yake ya darasani, na watu wote wakasikia. "Nina mume."